Kuni za Matanga ya Mwaringa

Sidi alisikia shoka kabla hajaliona paa la nyumba yake. Alikuwa anatoka Gede, kapu tupu kichwani, kaniki ya ujane imemganda mgongoni kwa jasho. Mwanzo alijipa moyo kwamba ni shemeji zake wanachonga nguzo za turubai, kwa kuwa matanga ya pili ya mumewe, yale ambayo wenyewe huyaita hanga bivu, yalikuwa yamekaribia. Lakini mtu aliyezeekea kando ya msitu wa Arabuko hahitaji kuambiwa. Mti mkavu ukikatwa hulia. Mti mbichi huguna, na huu ulikuwa unaguna.

Alizunguka nyumba mbio. Nyuma ya jiko, pale kichaka kilipoanzia, Kahindi, shemeji yake, alikuwa amekalia gogo anajifuta uso na fulana, ameridhika kama mtu aliyemaliza kupalilia. Vijana wa ukoo walikuwa wanaburuta matawi. Mitomoko mwitu ya mstari wa mbele, yote, ilikuwa chini.

"Umerudi, mulamu!" alisema Kahindi. "Njoo uone kazi ya wanaume."

"Shemeji, mmefanya nini?"

"Kuni. Na tumefanya kwa akili, usije ukasema. Ile miti uliyoifunga vyandarua hatukuigusa hata tawi. Tunajua ni ya wadudu wako. Tumekata hii iliyokufa tu."

"Iliyokufa?"

"Si unaona haina majani? Imeliwa, imekwisha. Marehemu alikuwa anaionea huruma tu."

Sidi alitua kapu. Maneno yalikuwa mengi na yote yalitaka kutoka kwa mlango mmoja.

Miti ile haikuwa imekufa. Ilikuwa inapumzika. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na Mwaringa tangu waoane: kufuga vipepeo. Vipepeo wa msituni hutaga mayai, mayai huangua viwavi, na kiwavi ni mlafi asiyejua kubadilisha chakula. Aliyezaliwa kula mtomoko mwitu, ukimpa jani la mwembe atakufa akilitazama. Kwa hiyo unamfunga ndani ya chandarua juu ya mti wake, anakula mpaka mti unabaki fimbo, kisha unamhamishia mti mwingine, na ule wa kwanza unauacha uchipue. Akishiba anajifungia ndani ya ganda lake na kuning'inia kama jani kavu. Hapo ndipo anapoitwa pupa, na mradi kule Gede humnunua na kumpeleka ng'ambo, ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wakiruka ndani ya nyumba ya vioo.

Sasa miti yenye vyandarua ilikuwa imekaribia kuisha kwa kuliwa. Na miti ya kuhamia ndiyo hiyo aliyoikalia Kahindi.

"Shemeji," alisema Sidi polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia, "hiyo ndiyo ilikuwa inafuata."

"Inafuata nini?"

"Kuliwa."

Kahindi aliwatazama vijana, vijana wakamtazama Kahindi. Mmoja alicheka puani.

"Haya basi," alisema Kahindi, "tumewasaidia wadudu. Wasife kwa kuvimbiwa. Lakini kuni hizi hazitoshi, ni vijiti. Kesho tunamalizia. Ule mbambakofi pale katikati peke yake utapika pilau mpaka wageni waombe ruhusa ya kuondoka."

Alisema hivyo kwa mapenzi. Hilo ndilo lililomchosha Sidi zaidi. Kama angekuwa adui, angemfukuza kwa mchi.

Kahindi alikuwa kaka mkubwa wa Mwaringa. Shamba la baba yao liligawanywa sehemu mbili na mpaka ulikuwa mstari wa minazi. Upande wake Kahindi aliufyeka wote miaka ile bei ya makaa ilipokuwa nzuri. Alijenga nyumba ya mabati, akanunua pikipiki, pikipiki ikaharibika, na miti ikawa haipo. Mikorosho aliyoibakisha ilikuwa ikitoa maua mengi na korosho za kuhesabika, kwa sababu nyuki walikuwa hawana pa kulala upande ule. Udongo ukawa mgumu kama sakafu, mvua ikinyesha inapita juu kwa juu kwenda barabarani. Kisima chake kilianza kutoa tope, kisha kikaacha hata tope. Kila asubuhi Jedida, mkewe, alivuka mstari wa minazi na ndoo zake kuja kuteka kisimani kwa Sidi, ambako mizizi ya kichaka ilishika maji mpaka mwisho wa kiangazi.

Mwaringa alikuwa amemwambia kaka yake jambo hili kwa kila namna. Alimwambia kwa upole, alimwambia kwa hasira, alimwambia kwenye mkutano wa chifu mbele za watu. Kahindi alikuwa na jibu moja: mvua ni ya Mungu. Mwaringa alikuwa akirudi nyumbani anazungumza peke yake njia nzima, anaingia kichakani, anafungua vyandarua kimoja kimoja na kuuliza, "Sidi, umewahamisha wale watoto?" Watoto ni viwavi. Wakati wa masika kifua kilimbana akiwa palepale, wakamkimbiza hospitali Malindi, na hakurudi akitembea.

Jioni ile Sidi alimfuata Kahindi chini ya turubai lililokuwa linafungwa. Wanawake wa ukoo walikuwa wanapeta mchele, masikio yote upande wao.

"Shemeji, nimefikiri. Tupikie makumbi ya nazi. Yamejaa huko nyuma. Na kuni kavu tunaweza kuokota msituni, kibali ninacho."

"Makumbi?" Kahindi aliinua sauti ili wasikie hata walio mbali. "Mwaringa apikiwe matanga kwa makumbi? Watu watoke Ganze, watoke Kilifi, waje kula wali unaonuka moshi wa makumbi, kama tunakausha samaki?"

"Kuna gesi pia. Nyokabi wa hoteli pale stendi amesema ataniazima mtungi na jiko lake kubwa."

"Gesi!" alidakia shangazi mmoja, akaacha kupeta. "Jamani, mke gani huyu anamnyima mumewe kuni? Mwaringa alikulisha miaka yote hiyo, leo vijiti vinakuuma?"

"Havijaniuma, shangazi. Ni kwamba—"

"Ukimya wa mjane ni heshima ya marehemu," alisema shangazi, akarudi kwenye mchele wake.

Hapo palikuwa mwisho wa mazungumzo. Sidi alisimama katikati yao. Mjane anaweza kulia, anaweza kuzimia, anaweza hata kukataa kula. Lakini mjane anayebishania kuni za matanga ya mumewe ameshajiita mchoyo kwa mdomo wake mwenyewe. Nani angemsikiliza? Na Kahindi alikuwa amekwisha kutamka, tena akidhani anamfariji, kwamba matanga yakiisha kichaka kikawa kimefunguka, atapanda mananasi pale na yeye Sidi "hatakosa fungu." Fungu! Katika shamba ambalo kila tundu la jembe lilikuwa lake. Bila kichaka hakuna viwavi, bila viwavi hakuna pupa, na bila pupa angekuwa mwanamke wa kukaa mlangoni akingoja kuitwa kwa chakula cha shemeji.

Alikwenda kulala bila kuaga.

Asubuhi, watu wakiwa kwenye chai, walikuja watani.

Ukoo wa kina Mwaringa una watani wake tangu mababu, na matangani mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anaweza kumtukana mfiwa, kumwiga marehemu, kulala juu ya kaburi na kudai chumba. Huwezi kumkasirikia; ukimkasirikia umejiaibisha. Na kitu akikikamata mtani hakinyang'anywi. Hukombolewa kwa atakachotaka yeye, na mpaka kikombolewe hakiguswi.

Aliyewatangulia alikuwa Easter, mwuza mahamri wa stendi ya Gede, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia sokoni. Aliingia nyumbani bila hodi na alipotoka, vicheko vilipasuka kutoka jikoni mpaka barabarani. Amevaa kofia ya Mwaringa. Amevaa buti za mvua za Mwaringa, ya kushoto mguu wa kulia. Amejitundika chandarua begani.

"Nani amekunywa chai yangu?" aliuliza. Lakini hakuuliza kwa sauti yake. Aliuliza kwa sauti ya Mwaringa, ile yenye kikohozi katikati.

Sidi, aliyekuwa akikatakata vitunguu, aliacha kisu.

Easter alipita akiburuta mguu kidogo, kama alivyoburuta yule. Akamwinamia shangazi wa jana. "Wewe bado uko hai? Mimi niliyekuwa nakimbia asubuhi nimekufa, wewe unayeamka saa nne unapeta mchele wangu?" Shangazi alicheka mpaka akalazimika kushika ungo. Akaja kwa Sidi. Akakohoa, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Sidi, umewahamisha wale watoto?"

Watu walicheka. Sidi pia alicheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na katikati ya kicheko alijikuta anajibu. "Nitawahamishia wapi? Kaka yako amekata miti."

Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. Kicheko kilipungua. Easter alimtazama chini ya ukingo wa kofia, na kwa kitambo kidogo alikuwa Easter tu, mwanamke anayemjua mwenzake. Kisha akageuka.

"Kahindiii!"

Kahindi alikuwa anaelekea kichakani na vijana wake, shoka begani. "Nini tena? Niache, mtani, nina kazi."

"Unakwenda wapi na shoka langu?"

"Langu hili."

"Ulilichukua kwangu mwaka gani vile? Ukasema unalirudisha jioni?"

Vijana wakaangua kicheko, maana ilikuwa kweli. Kahindi aliongeza mwendo, lakini mtu mwenye buti zilizobadilishwa miguu alimpita akikimbia kama bata, akaingia kichakani, akaufikia mbambakofi, akavua kanga ya kiunoni na kujifunga nayo kwenye shina. Watani wengine, wanawake kwa wanaume, walisambaa kila mtu akakumbatia mti wake.

"Nimekamata!" alipaza Easter. "Kichaka chote mateka! Anayetaka kuni aje anikomboe!"

Matanga yote yalihamia nyuma ya nyumba. Kahindi aliweka shoka chini, akacheka kicheko cha mtu anayepapasa mfuko mtupu. "Haya, sema. Unataka kuku? Unataka kanga?"

"Kuku wa nini? Mimi ni marehemu, sina tumbo. Nina kiu." Easter alikohoa kile kikohozi. "Niletee ndoo moja ya maji kutoka kisimani kwako, kaka. Kwako, si kwa mke wangu. Nikinywa, kata kichaka chote, nami nitakushikia ngazi."

Watu waliosimama nyuma hawakuelewa mara moja. Waliosimama mbele walielewa, na wakaanza kusukumana.

"Jedida!" Kahindi alimwita mkewe. "Lete maji."

Jedida alikuwa amebeba sinia la vikombe. Alilitua taratibu. "Kutoka wapi?"

"Si umemsikia? Kutoka kwetu."

"Kwetu kuna chura," alisema Jedida, "na naye sijamwona siku nyingi."

Hapo hata vijana wa Kahindi waliketi chini kwa kucheka. Jedida hakucheka. Ilikuwa kama amefungua mlango na hawezi kuufunga tena. "Maji ya chai uliyokunywa leo ni ya kwa Sidi. Ya kuoga ni ya kwa Sidi. Mchele huu umeoshwa kwa maji ya Sidi. Mimi ndiye ninayeyabeba, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua."

"Mvua haikunyesha!" Kahindi alijitetea. "Mvua ni ya Mungu!"

"Alaa," alisema Easter kutoka mtini, "kumbe Mungu anafika mpaka kwenye minazi halafu anageuza?"

Kahindi aliokota shoka. Alilishika kama asiyejua limefikaje mkononi. "Ni utani tu huu," alisema. "Matanga yakiisha na utani umekwisha. Tutaona." Akaondoka. Mchana ule pilau ilipikwa kwa makumbi, kwa kuni kavu na kwa mtungi wa Nyokabi, na hakuna mgeni aliyeacha sahani na kitu.

Watu walimshika Easter mkono wakampongeza. Sidi naye alimshika mkono, lakini moyoni hakutulia. Kahindi alisema kweli. Utani ni wa matanga. Siku turubai likifunguliwa, Easter angerudi stendi kuuza mahamri, na shoka lingekuwa palepale. Na Sidi alichoka, Mungu anajua alivyochoka, kuona jambo ambalo marehemu alilisema kwa akili zake timamu miaka yote linasikilizwa tu likisemwa na mtu aliyevaa buti kinyume.

Siku ya kufunga, ukoo ulikaa kikao. Mzee Kahonzi, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyeendesha. Alizungumza habari za deni la mbuzi, habari za kaburi, kisha akafika kwenye shamba. Alimpa Kahindi nafasi kwanza. Kahindi alieleza habari za mananasi. Aliyaeleza vizuri: matuta, mbolea, lori la kutoka Mombasa.

"Na mjane?" aliuliza Mzee Kahonzi. "Una neno, au shemeji yako amekusemea?"

Sidi alisimama. Shangazi alimvuta kaniki. Sidi aliichomoa mkononi mwake.

"Hajanisemea. Baba, nisamehe, mimi nimenyamaza mpaka nimevimba. Mumewe mtu akifa, kila mmoja anajua anachohitaji mjane isipokuwa mjane mwenyewe. Shemeji anasema kichaka kinakaa bure. Cynthia, binti yake, amesoma sekondari kwa kitu gani? Amwulize. Karo yake ya kidato cha tatu na cha nne ilining'inia kwenye miti hiyo, ndani ya maganda, na Mwaringa aliyapeleka Gede kwa baiskeli. Hakumdai kaka yake na mimi simdai. Lakini asiniambie kinakaa bure."

Kahindi alitazama chini.

"Mananasi yatakunywa nini, shemeji? Umefikiria hilo? Utafyeka pale, mvua mbili zipite, na kisima changu kifuate chako. Halafu mimi na Jedida tutabeba ndoo kwenda wapi? Nimeeleza kwa upole, mkaniita mchoyo. Sasa naeleza mara ya mwisho. Kichaka na kisima ni kitu kimoja. Anayekata kimoja asije na ndoo kwenye kingine. Hata kesho asubuhi. Nitafunga."

"Unamfungia ndugu maji?" shangazi alishtuka.

"Simfungii. Atakuwa amejifungia."

Kisha Jedida, aliyekuwa nyuma na wanawake wengine, alisema bila kusimama, "Mimi sitembei mpaka Mida kufuata maji. Nimesema."

Mzee Kahonzi alikuna kidevu. Akamgeukia Kahindi. "Una kisima kingine?"

"Sina, baba."

"Basi huna mananasi." Akaanza kutafuta viatu vyake. "Kichaka ni cha mjane. Kikao kimekwisha, njaa inauma."

Hivyo tu. Miaka yote ya mikutano, na ikaisha kwa mzee mwenye njaa. Sidi alitamani Mwaringa awepo, si kwa ajili ya kushangilia, maana asingeshangilia. Angekasirika. Angesema, nilisema nini? Nilisema nini mimi? Naye angemjibu, tumesikia, nenda ukaoge.

Kushinda hakukuotesha miti. Mstari wa mbele ulikuwa visiki, na viwavi chini ya vyandarua walikuwa wametafuna mpaka vikonyo. Asubuhi turubai lilipokuwa linakunjwa Sidi alikuwa kichakani, anawahamishia mitomoko michache ya ndani kabisa, ile yenye miiba mingi kando yake. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Aliwatoa kwa vidole, akawatupa, akaendelea. Alikuwa anazungumza peke yake.

Alisikia matawi yanavunjika nyuma yake. Alikuwa Kahindi, bila shoka, anakuja kwa vidole vya miguu kama anayevuka tope. Ameshika jani mbele yake mbali na mwili, na juu ya jani kuna kiwavi mmoja, mnene, wa kijani.

"Huyu alikuwa kwenye shati langu," alisema. "Nafikiri ni wa kwako."

"Nani mwingine angekuwa naye?"

"Nimweke wapi?"

"Pale. Kwenye mti."

Alinyoosha mkono, uso ameugeuzia pembeni.

"Si huo, shemeji! Huo ni mkone, atakufa njaa. Huo hapo. Huo! Mungu wangu. Na usimshike hivyo, si kaa la moto. Lilaze jani juu ya jani, atahama mwenyewe."

Kahindi alililaza jani juu ya jani. Kiwavi hakusogea.

"Hataki," alisema Kahindi.

"Ngoja," alisema Sidi, akamsukumia chandarua cha kushika. "Wewe pia ngoja."